Nilikimbia Delhi siku ya tano

SWALI: Dada, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 29, naishi Morogoro. Naandika jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Mwezi wa sita mwaka jana nilikwenda India peke yangu na begi la mgongoni, mpango ukiwa kuzunguka wiki nne. Pesa yake niliidunduliza miaka miwili. Nilirudi baada ya siku tano.

Nilitua Delhi saa tisa usiku. Kutoka nje tu, joto likanivaa kama nimesimama mlangoni mwa tanuri la mikate, na jua lilikuwa bado kuchomoza. Dereva wa teksi akaniambia barabara ya kwenda hoteli yangu imefungwa kwa sababu ya fujo, akanipeleka ofisi aliyodai ni ya utalii ya serikali. Kulipokucha nilikuwa nimeshalipa dola 350 za safari ya Kashmir ambayo sikuiomba na wala sikuwahi kwenda. Wakanipeleka mtaa wa Paharganj, chumba kisicho na dirisha. Nje ni honi, pikipiki, ng'ombe, moshi, watu wananishika bega wananiita rafiki. Wengine wananipiga picha bila kuniomba. Kijana mmoja akaniuliza kama mimi ni Mnigeria na ninauza nini. Siku ya tatu tumbo likaachia. Siku ya nne sikutoka chumbani, nilikula biskuti. Siku ya tano nikabadilisha tiketi.

Nyumbani nilisema nimeugua malaria. Mama akafanya hadi dua. Sasa kila nikiona watu mtandaoni wanatabasamu mbele ya Taj Mahal nafunga simu. Nimeanza tena kuweka akiba, na likizo ya Desemba iko mbele. Je, mimi ni mwoga? Nirudi, au India niwaachie wenye roho ngumu?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa natafuta ulipokosea, na nimepaona mahali pamoja tu. Si pale ulipobadilisha tiketi. Nitafika huko, lakini kwanza nikusimulie ya kwangu, maana na mimi sijawahi kuyaandika kwenye safu hii.

India niliingia Machi 2013, kwa Delhi hiyo hiyo, nikapanga Paharganj hiyo hiyo, mtaa ulio mbele ya stesheni ya New Delhi. Nilikuwa muuguzi Tanga, nina miaka 31. Nilizoea damu, nilizoea zamu za usiku, nilizoea wodi yenye wagonjwa wawili kitanda kimoja. Nilidhani hakuna cha kunitisha. Asubuhi ya kwanza nikatoka kwenda kukata tiketi ya treni, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Nilitembea saa nzima na tiketi sikuipata.

Kwenye ngazi za stesheni alinisimamisha mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Akaniambia kwa upole kwamba ofisi ya tiketi za wageni iliungua, imehamishiwa karibu na Connaught Place, katikati ya mji. Akaniitia bajaji, akapatana nauli kwa niaba yangu, akaniambia nisikubali kuzidishiwa hata rupia moja. Upole ule ndio ulioniponza. Huko ofisini nikapewa chai na ramani, na mtu mmoja akapiga simu akanipa: "Ongea na hoteli yako mwenyewe, wakuambie." Sauti ikaniambia chumba changu kimetolewa kwa mtu mwingine na mji mzima umejaa. Nikaamini. Leo najua kwamba aliyekuwa upande wa pili wa simu ni mwenzao.

Nikaomba choo. Humo nililia, Mwalimu. Nililia kama mtoto aliyepotea sokoni, nikiwa mtu mzima mwenye leseni ya kutibu watu. Nikanawa uso, nikatoka, nikapita moja kwa moja hadi barabarani bila kurudi kwenye kiti, na ramani yao nikawaachia. Niliporudi stesheni nikapanda ngazi bila kumjibu mtu. Ofisi ya wageni ilikuwa pale pale ghorofa ya kwanza, upande wa Paharganj, haina hata alama ya moshi. Karani mzee akanipa fomu, nikaandika namba ya treni na ya pasipoti, nikakaa kwenye kochi nikisubiri zamu. Yule mtu wa ngazini alikuwa bado yupo chini, anamwambia mgeni mwingine kuhusu moto.

Kwa hiyo neno mwoga lifute. Uongo uliouziwa wewe na uongo niliouziwa mimi ni bidhaa moja: barabara imefungwa, hoteli imejaa, ofisi imeungua. Safari ya Kashmir ndiyo wanayopenda kuuza kuliko zote, kwa sababu iko mbali, ni ghali, na mgeni akishapandishwa basi harudi kudai. Wanaoifanya kazi hii wameifanya miaka mingi, na wanajua kuchagua saa. Saa yako ilikuwa saa tisa usiku. Treni ya kutoka uwanjani kwenda mjini haijaanza, mwili umevuka bahari bila usingizi, na saa ya India iko mbele ya yetu kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo hata tumbo hujui liko wakati gani. Hapo ndipo palipo kosa ninalolisema. Ulitua usiku wa manane na hapakuwa na mtu wa kukungoja. Mengine yote yalifuata kutoka hapo.

Sasa nikuulize kitu. Ukishuka stendi ya Msamvu, unazisikia kelele? Wapiga debe wanakuvuta mkono, makonda wanagonga mabati, mtu anakusogezea karanga usoni, basi linarudi nyuma karibu likukanyage mguu. Huzisikii, kwa sababu kila kelele unaijua ni ya nini na nyingi hazikuhusu. Delhi hukujua hata moja, kwa hiyo kila honi ilikuwa yako. Nyuma ya malori ya kule wameandika kwa rangi kubwa wakiomba upige honi. Anayepiga anakwambia "niko huku, nakupita", basi, hakutukani. Mimi nilihitaji wiki nzima kuamini hilo, na nilipoamini, mji ulipungua sauti bila kitu chochote kubadilika. Wewe siku tano, mbili ukiwa mgonjwa, ungeamini saa ngapi?

Tiketi yangu ilikuwa ya Varanasi, mji wa hija wa Wahindu, treni ya usiku. Nilikuwa nimeandika ratiba ya miji tisa kwa siku ishirini na nne, kwa rangi mbili, kalamu nyekundu na ya bluu. Nilipofika Varanasi nikaikunja. Vichochoro vya mji mkongwe ni vyembamba kiasi kwamba ukikutana na ng'ombe mmoja wenu lazima arudi nyuma, na kwa kawaida si ng'ombe. Nikashuka hadi mtoni, upande wa Assi, ambako ngazi za mawe zinaanzia kwa kusini. Ngazi hizo wanaziita ghat, ziko zaidi ya themanini kando ya mto Ganga. Nikakaa kwenye benchi la muuza chai kwa sababu miguu ilikataa.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize, maana ndilo jambo pekee ninalolijua kwa hakika kuhusu nchi kubwa inayomtisha mtu: ifanye ndogo. Usitafute kuizoea India, haizoeleki. Zoea benchi moja. Siku ile nilirudi kwenye benchi lile mchana, nikarudi jioni. Kesho yake mara tatu tena. Yule mzee alinipa chai kwenye kikombe cha udongo kisicho na mkono, wanakiita kulhad, ukimaliza unakitupa kinavunjika kinarudi kuwa udongo. Tangawizi ilikuwa nyingi, sukari nyingi kupita kiasi. Siku ya tatu asubuhi aliniona nikishuka ngazi, akaanza kunitengenezea kabla sijafika, akapunguza sukari. Sikuwa nimemwambia. Aliona tu kwamba huwa ninaacha chai ya chini.

Mwalimu, chai ile ndiyo iliyonifikisha India. Nilikuwa na siku tano nchini tayari, lakini hadi pale nilikuwa sijafika.

Hatukuwa na lugha. Kiingereza chake kilikuwa bei na namba. Siku moja akaonyesha pochi yangu akasema "paisa". Nikamwambia, sisi pesa. Akacheka, akaonyesha sabuni ya kuoshea masufuria: "sabun". Sabuni! Akashika kitabu changu: "kitab". Kalamu: "qalam". Rangi ya mtumbwi uliokuwa majini: "rang". Duka ni "dukan", safari ni "safar", dunia ni "duniya", dawa ni "dava". Gari wanasema "gaadi", na treni ni gari la reli. Nilipomwambia kwamba mia elfu kwetu ni laki, aliwaita vijana wa mitumbwi waje wasikie, maana laki yao ni hiyo hiyo. Ukawa mchezo wa kila siku. Kijana mmoja wa mtumbwi alikuwa anakuja na neno jipya kila asubuhi kama mtu anayeleta samaki, ananilipia chai nikilijua. Nyuma ya daftari la ratiba nikajaza maneno arobaini na moja. Mengine sisi na wao tumeyapata kwa Waarabu na Waajemi, kama kitabu, sabuni na safari. Mengine, kama gari, laki, pesa na bima, yalivuka bahari kutoka kwao na wafanyabiashara, yakakaa kwetu hadi tukasahau kwamba ni wageni. Na bajaji, ile inayokupeleka shuleni, imebeba jina la kiwanda cha kule.

Wageni kutoka Ulaya niliowakuta hawakuwa na hili. Wao kila neno lilikuwa geni. Sisi tunaingia tukiwa na akiba mdomoni, ila hakuna anayetuambia. Ungejua Paharganj kwamba yule aliyekuwa anapiga kelele "garam chai" alikuwa anakuuzia chai ya moto, ingekuwa kelele moja imepungua.

Nakusihi pia usikimbilie kulinganisha na picha. Taj Mahal hufungwa Ijumaa, na siku nyingine watu hupanga foleni alfajiri ili wapate dakika chache za kupigwa picha bila watu. Umati wote uko nyuma ya kamera. Kwenye picha yangu ninatabasamu vilevile, na nilikuwa nimetoka kugombana na dereva nusu saa.

Sasa kuhusu macho na picha, na swali la Unigeria. Sitakudanganya kwamba yote ni udadisi. Mengi ni udadisi kweli. Nilipigwa picha na familia nzima, bibi hadi mtoto mchanga, waliotoka vijijini kuja kuhiji na hawakuwahi kuona mtu mweusi. Wanawake walishika nywele zangu, halafu wakanipa zao nishike. Khanga niliyojitanda ilikuwa imeandikwa "Waache waseme", na mama mmoja akataka nimweleze maandishi yale yanasema nini. Nikamweleza kwa mikono, akaelewa mara moja, akamgeukia mkwewe wakacheka kwa namna iliyonionyesha kwamba maneno hayo yana kazi hata kule. Hayo nayakumbuka kwa furaha.

Lakini kuna chuki pia, na ukikutana nayo usijiambie kwamba ni wewe mgeni usiyeelewa mila. Januari 2016 binti wa Kitanzania aliyekuwa anasoma Bengaluru alivamiwa na kundi la watu barabarani kwa kosa la ajali ambayo hakuhusika nayo. Mhusika alikuwa Mwafrika mwingine, na hilo liliwatosha. Machi 2017 wanafunzi wa Kiafrika walipigwa Greater Noida, pembeni ya Delhi. Yule kijana aliyekuuliza unauza nini alikuwa anakuita muuza dawa za kulevya kwa njia ya kuzunguka, na ulikuwa na haki ya kuumia. Mimi nina kanuni ya kikazi, naitumia wodini na njiani: anayetazama na akitabasamiwa naye anatabasamu, ni mtazamaji. Anayetazama uso ukabaki umefungwa, ninaondoka eneo lake, sibaki kumfundisha. Picha ukiombwa una ruhusa ya kukataa. "Nahi" ni hapana, sema mara moja na uendelee kutembea.

Na ukinyimwa chumba, uliza sababu kabla hujahesabu kuwa ni rangi. Nyumba nyingine za bei ndogo hazipokei mtu yeyote kutoka nje, kwa sababu kila mgeni wa nje lazima aripotiwe serikalini kwa fomu maalumu na wenyewe hawataki usumbufu huo. Nimewaona Wajerumani wakirudishwa mlango mmoja nami.

Tumbo nalo lisikuaibishe. Kukaa chumbani na biskuti huku tumbo linaharisha na nje ni zaidi ya nyuzi arobaini kungeweza kukuua, nalisema kama muuguzi. Dawa ya kwanza ni maji: lita moja iliyo safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu, unywe kidogo kidogo siku nzima. Pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji (ORS) zinauzwa kila duka la dawa kule kwa bei ya pipi. Ukiona damu au homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nirudi kwenye swali lako la kurudi. Nasema rudi, ila usirudi Delhi, na usirudi Juni. Juni kaskazini ni kilele cha joto, mvua hazijafika. Hata wenyeji wenye uwezo hupanda milimani. Desemba nako huko kaskazini kuna ukungu unaochelewesha treni saa nyingi, na baridi ambayo vyumba vya bei ndogo havina cha kuizuia. Wewe una Desemba. Nenda Kochi, Kerala, kusini kabisa kwa upande wa magharibi. Ndege kutoka nchi za Ghuba ni nyingi, kwa sababu watu wa Kerala wanafanya kazi huko kwa wingi. Desemba joto ni kama la Tanga.

Utajua kwa nini nimekuchagulia huko siku utakapoagiza chakula. Watu wa Kerala wanakula mihogo. Wanaiita kappa, wanaichemsha wanaiponda kidogo, wanakuletea na mchuzi mwekundu wa samaki. Nazi iko katika kila sufuria. Jioni vibandani wanakaanga ndizi mbivu kwenye unga wa ngano, unakula na chai, na chai yenyewe wanaiita chaya. Mara ya kwanza nilipokula kappa pale nilinyamaza, nikamfikiria marehemu bibi yangu, ambaye hakuwahi kuvuka hata Pangani, na sufuria lake limevuka bahari.

Panga Fort Kochi, ni mji mdogo wa miti mikubwa, unatembea wote kwa miguu. Ufukweni kuna nyavu kubwa za Kichina zilizofungwa kwenye magogo, zinashushwa na kuinuliwa na wanaume kadhaa kwa msaada wa mawe yaliyoning'inizwa kama mizani. Kuna kanisa la Mtakatifu Francis alikozikwa Vasco da Gama mwaka 1524 kabla mifupa yake haijapelekwa Ureno. Ndiye yuleyule aliyepita Malindi mwaka 1498 akapewa rubani wa kumvusha hadi pwani hii. Wanafunzi wako unawafundisha habari zake. Wewe utakuwa umesimama kwenye kaburi lake tupu. Kwenda ng'ambo ya Ernakulam unapanda kivuko cha rupia chache, na tangu 2023 mji huo una boti za umeme pia.

Tua mchana. Kama ndege haina budi kutua usiku, kaa ndani ya ukumbi wa kuwasili hadi kupambazuke, kwa sababu ukishatoka mlango askari hakuruhusu kuingia tena bila tiketi ya kusafiri. Panga na nyumba ya wageni wamtume dereva mwenye jina lako kwenye karatasi. Utalipa zaidi ya teksi ya kawaida na ni pesa bora kuliko zote utakazotumia. Siku tatu za kwanza usiwe na ratiba. Tafuta kibanda cha chai siku ya kwanza, na urudi hapo hapo mara tatu kwa siku, hata kama kuna kizuri zaidi mtaa wa pili. Wiki mbili Kochi na vijiji vya maji vya Alappuzha zinakutosha. Treni za hapo ukitaka, kumbuka kwamba tiketi zinafunguliwa siku 60 kabla, na tiketi yenye alama ya WL ni ya kusubiri, haikupi kiti.

Limebaki la mama yako. Malaria uliyosema, nakuomba umwambie ukweli, tena kabla hujaondoka. Si kwa sababu ya dhambi ya uongo, hilo ni lako na Mungu wako. Ni kwa sababu safari hii unahitaji mtu mmoja nyumbani anayejua, ambaye ukizidiwa siku ya pili unaweza kumpigia ukamwambia "nimezidiwa" bila kutunga ugonjwa. Mimi nilimpigia dada yangu kutoka Paharganj usiku ule wa kwanza. Hakunishauri chochote. Aliniuliza nimekula nini, nikamwambia, akaniambia nilale. Nililala.

SWALI: Binti yangu ana miaka 22, anakwenda India na rafiki zake wawili wa kike, wanataka kuzunguka kwa treni. Silali. Nimkataze?
Mama wa wawili, Tanga

JIBU: Mama, shikamoo. Usimkataze, mpe masharti. Wakate daraja la 3AC au la juu zaidi, lenye vitanda na kiyoyozi, wasikubali behewa lisilo na nafasi maalumu hata kama wenzao wanawacheka. Kitanda cha juu ndicho cha msichana, hakuna anayepita akamgusa. Stesheni wanauza minyororo midogo na kufuli za kufungia begi chini ya kiti, wanunue. Treni ya mjini Delhi behewa la kwanza mbele ni la wanawake tu. Namba ya msaada wa reli ni 139, ya dharura zote ni 112, waziandike kwenye karatasi maana simu huisha chaji. Wasipange treni inayofika saa nane ya usiku. Na muahidiane saa moja ya kupigiana simu kila siku, ukikumbuka kwamba saa mbili usiku yako kwao ni saa nne na nusu.

SWALI: Naishi Eldoret, nina tiketi ya Mumbai wiki tatu zijazo. Ni kweli kadi ya homa ya manjano inakaguliwa?
Msafiri, Eldoret

JIBU: Kweli kabisa. Kenya imo kwenye orodha ya India, na anayetua bila kadi anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya kusafiri, kwa hiyo nenda wiki hii. Kama ulichomwa zamani bado inafaa, haiishi muda. Picha kwenye simu usiitegemee. Beba kadi yenyewe, ndani ya pasipoti.